Mazingira si adhabu!

Vijana wenzetu wa Boga, wa Bunia na popote mlipo,

Mtoto akichelewa masomo, anapewa jembe akalime majani ya uwanja. Akipiga kelele darasani, anapewa fagio. Hivi ndivyo shule nyingi za kwetu zinafundisha mazingira. Kisha tunashangaa kuona mtu mzima mwenye diplome anatupa sashe ndani ya mtaro. Kwa nini tushangae? Alifundishwa tangu utoto kwamba usafi ni kazi ya mwenye makosa.

Sisi tunasema: basi!

Katiba ya 18 Februari 2006, kifungu cha 53, inasema kila mtu ana haki ya mazingira safi, tena ana wajibu wa kuyatetea. Atatetea vipi kitu ambacho hakuna aliyemfundisha? Tangu 30 Desemba 2017 kuna dekreti inayokataza kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia mifuko ya plastiki. Nenda sokoni Bunia, nunua nyanya, uone zitafungwa ndani ya nini. Sheria ambayo mama muuzaji hajawahi kuelezwa kwa lugha yake ni karatasi tu.

Huko Kinshasa wakubwa wanaita Kongo "nchi suluhisho" sababu ya misitu yetu. Julai 2022 wakubwa haohao wakapeleka mnadani vitalu 27 vya petroli, vingine ndani ya misitu ileile. Oktoba 2024 wakaufuta mnada. Ni wanafunzi wangapi wa Irumu walielezwa hayo darasani? Asiyejua kilichouzwa hawezi kuuliza bei.

Kuna watakaosema: usalama kwanza, miti baadaye. Vita tunaijua, hatukusimuliwa. Usiku wa kuamkia 31 Mei 2021, hapa Boga na Tchabi, watu zaidi ya 50 waliuawa. Ni sababu hiyo tunasema. Mkimbizi anapika kwa kuni. Mlima ukibaki uchi, mvua inashusha udongo mpaka Semliki, na siku ya kurudi nyumbani anakuta mawe pahali pa shamba. Amani hiyo tutailaje?

Anayekata mti ili watoto wale, hatumlaumu. Tunalaumu Leta inayomwacha bila elimu, bila miche, bila jiko linalokula makala kidogo.

Kwa hiyo tunadai:

1. Mazingira yawe na saa yake darasani, tangu shule ya watoto wadogo mpaka chuo kikuu. Kila mwanafunzi apande mti, autunze, apewe pointi.

2. Jembe na fagio vitoke kwenye orodha ya adhabu.

3. Wazazi, wachoma makala na wachimba zahabu nao wafundishwe: sokoni, kanisani, msikitini, redioni, kwa Kiswahili na lugha za kwetu.

4. Sisi wenye diplome tunaokaa bila kazi tupewe kazi hiyo, kwa mshahara, si kwa ahadi.

Leta ikikawia, hatutaikaa kuingoja. Kila mmoja wetu aende kwa mkuu wa shule ya mtaani kwake, aombe darasa moja, saa moja kwa juma. Aanze juma hili.

Udongo ukishafika Semliki, haurudi.