Mpiga Dramu Si Tairi la Akiba

Kuna imani imeota mizizi miongoni mwa wapenzi wa muziki, na hata waandishi wanaolipwa kuandika habari za muziki wanaishika bila kuihoji: kwamba bendi ni mwimbaji wake. Mwimbaji akibaki, bendi ipo. Akiondoka mpiga gitaa, watu watasikitika siku mbili tatu. Akiondoka mpiga dramu, anafungwa mwingine kama tairi la akiba, safari inaendelea. Imani hii ni potofu, tena ni dhuluma kwa wanamuziki. Anayetaka ushahidi aisikilize albamu moja tu: New Adventures in Hi-Fi ya R.E.M., iliyotoka Septemba 1996, ya mwisho kabla mpiga dramu Bill Berry hajaondoka.

R.E.M. walianza mwaka 1980 katika mji wa Athens, jimbo la Georgia, Marekani. Walikuwa wanne: Michael Stipe akiimba, Peter Buck kwenye gitaa, Mike Mills kwenye besi, na Berry kwenye dramu. Miaka ya tisini iliwakuta wakiwa miongoni mwa bendi kubwa kabisa za roki mbadala duniani. Kamera zilimfuata Stipe, na hilo halina ubaya. Mwenye maneno ndiye anayetazamwa. Ubaya unaanza pale tunapodhani kwamba anayetazamwa ndiye aliyefanya kazi yote.

Tarehe 1 Machi 1995, bendi ikiwa jukwaani Lausanne, Uswisi, Berry alishikwa na maumivu makali ya kichwa. Mshipa wa damu ulikuwa umepasuka kwenye ubongo. Alitolewa jukwaani, na mpiga dramu wa bendi iliyotangulia kutumbuiza usiku huo akashika vijiti, onyesho likamalizika. Wenye imani ile watasema hapo ndipo hoja inapofungwa: pengo lilizibwa papo hapo. Nakataa. Kumalizia onyesho ni kazi ya usiku mmoja, na mpiga dramu yeyote hodari anayezijua nyimbo ataiweza. Lakini nyimbo zenyewe zilitoka wapi?

Chukua Everybody Hurts, wimbo ambao mamilioni ya watu wanauhesabu kuwa sauti ya Stipe na uchungu wake. Sehemu kubwa ya muziki wake ilitungwa na Berry. Na katika rekodi ile, mdundo unaousikia ni wa mashine, maana wimbo ulitaka kitu kikavu, kisichobadilika, na Berry hakuona haya kuviweka vijiti vyake chini. Chukua Man on the Moon: Berry ndiye aliyekuja na kianzio chake, akiwa ameshika gitaa. Rudi nyuma hadi Perfect Circle ya mwaka 1983, utamkuta tena. Ongeza sauti yake ya kuitikia, iliyosikika nyuma ya Stipe pamoja na ya Mills kwa miaka yote ile. Huyo ndiye mtu ambaye wengi walimwona kama wa kushika mapigo tu.

R.E.M. wenyewe walilijua hilo tangu mwanzo. Waliandika majina yote manne kama watunzi wa nyimbo zao, wakagawana sawa, bila kuulizana nani alileta mstari na nani alileta mdundo. Bendi ngapi zimevunjika kwa sababu ya hesabu hiyo moja? Wao iliwaweka pamoja miaka 17.

Sasa iweke New Adventures in Hi-Fi uisikilize. Berry alifanyiwa upasuaji, akapona, na Mei 1995 ziara ikaendelea. Badala ya kusubiri studio, wanne hao walirekodi njiani: jukwaani, na katika kumbi tupu mchana wakati wa kupima vyombo. Kipande kimoja kifupi, Zither, kilirekodiwa katika chumba cha kubadilishia nguo huko Philadelphia. Nyimbo nyingine zikamaliziwa studio mjini Seattle. Mwanamuziki yeyote anajua kupima vyombo kulivyo: muda mfupi, mafundi wanapita na nyaya, sauti inarudi kutoka viti vitupu. Mahali kama hapo hapana nafasi ya kuelezana. Kinachosikika ni kile ambacho watu wanne tayari wanakijua kuhusu wenzao.

Usikie Leave, wenye zaidi ya dakika saba. Unaanza kwa gitaa la taratibu, karibu wimbo wa kulala. Halafu kinanda cha umeme kinapiga sauti kama king'ora, na king'ora hicho hakinyamazi hadi mwisho. Kwa haki, wimbo ulipaswa kuchosha masikio. Hauchoshi, kwa sababu chini yake Berry anashika mapigo bila papara, anausukuma bila kujionyesha, na wengine watatu wanamwegemea. Au usikie ule unaofungua albamu: dramu nzito za mwendo wa pole, kinanda cha Mills kinakatiza juu yake kama kinachopotea njia. Kinathubutu kupotea kwa sababu dramu hazipotei.

Oktoba 1997 Berry alitangaza kwamba anaacha. Alikuwa amechoka na maisha ya ziara, akataka shamba lake Georgia. Aliwaambia wenzake kwamba kama kuondoka kwake kungeivunja bendi, asingeondoka. Watatu wakaahidi kuendelea, na hapo ndipo imani ile ilipopimwa kwa vitendo. Mwimbaji alikuwepo. Mpiga gitaa alikuwepo. Fedha zilikuwepo, maana mwaka uliotangulia walikuwa wamesaini na Warner Bros. mkataba ulioripotiwa kuwa wa dola milioni 80. Kama bendi ingekuwa mwimbaji, hakuna ambacho kingebadilika.

Kilibadilika kila kitu. Albamu iliyofuata, Up ya mwaka 1998, ilijaa mashine za mdundo na vinanda, na wakati wa kuirekodi watatu hao nusura watengane. Waliajiri wapiga dramu wazuri, si wa kubahatisha. Walitoa albamu tano bila Berry, na ndani yake mna nyimbo ninazozipenda kwa dhati. Lakini ilikuwa bendi nyingine yenye jina lilelile.

Wapo watakaonijibu kwa hesabu za mauzo. Hesabu hizo hazinisaidii mimi wala wao: mauzo Marekani yalianza kushuka kwa albamu hiyohiyo ya 1996, Berry akiwa bado kwenye kiti chake. Wengine watasema R.E.M. waliendelea hadi Septemba 2011, kwa hiyo pengo lilizibika. Kuendelea si kuziba. Mtu anaweza kufanya kazi miaka 14 huku akijua nini kimepungua.

Imani hii ina gharama. Promota anapobandika picha ya mwimbaji peke yake, mtangazaji anapomhoji mmoja na kuwaacha watatu wamekaa kando, kiongozi wa bendi anapoandika jina lake tu kwenye utunzi wa nyimbo walizozitengeneza wote, wanaotajwa kidogo ndio wanaolipwa kidogo, na hatimaye ndio wanaoondoka kimyakimya. Kisha tunashangaa kwa nini bendi imepoa.

Kwa hiyo nawaomba waandishi wenzangu: tajeni majina yote. Nanyi viongozi wa bendi: gawaneni utunzi sawasawa kabla fedha hazijaingia, maana zikishaingia mtakuwa mmechelewa. Na wewe msikilizaji, utakaposikia mpiga dramu wa bendi uipendayo ameondoka, usiulize nani atachukua nafasi yake. Uliza kwanza alikuwa anafanya nini.