Usisubiri saa ya tetesi, mpime mtoto leo

Wiki hii mama mmoja hapa Tukuyu aliniuliza: "Daktari, ninunue stripu za kupimia sukari, au nisubiri ile saa ya Apple?" Mwanawe ana kisukari na amechoka kutobolewa kidole.

Tetesi kwamba Apple inaandaa saa ya kupima sukari bila kutoboa ngozi zimevuma zaidi ya miaka 10. Hata mimi naitamani. Lakini Februari 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilionya kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayopima sukari yenyewe kwa njia hiyo, ingawa zinauzwa mitandaoni. Saa ikidanganya, mtoto atachomwa insulini kupita kiasi. Sukari itashuka, atazimia, na anaweza kufa.

Mzazi mwenzangu, nunua stripu. Mpime kabla ya kula na kabla ya kulala. Akitetemeka na kutoka jasho, mpime; sukari ikiwa chini, au kama huna kipimo karibu, mpe maji ya sukari mara moja. Akizimia, usimnyweshe chochote, mkimbize hospitali.

Saa ya kweli ikithibitishwa, nitakwambia hapahapa.