Usiuze Ngozi Yako kwa Sababu ya Kipele

Siku moja mama mmoja alikuja kwetu hapa Shari pamoja na binti yake wa miaka kumi na saba. Jua lilikuwa kali, lakini binti alikuwa amejifunika kitenge kichwani mpaka karibu na macho. Mama akasema, "Mganga, mtoto huyu ameacha kuimba kwaya. Sasa hata sokoni hataki kwenda."

Alipofunua uso, niliona chunusi nyingi, na madoa meusi mahali ambapo nyingine zilikuwa zimepona. Lakini mashavuni niliona jambo lingine. Ngozi ilikuwa nyembamba kama ganda la kitunguu, nyekundu, na mishipa midogo ya damu ilionekana. Nikamwuliza, "Umepaka nini?" Akatoa katika mfuko wake tyubu tatu na kipande cha sabuni, vyote vimenunuliwa katika soko la Bunia bila kuandikiwa na mtu.

Nataka kusema wazi mawazo yangu juu ya jambo hili. Chunusi haziui mtu. Lakini nimeona nyuso ambazo chunusi peke yake zisingaliziharibu namna ile. Ni dawa mbaya zilizoziharibu. Na ninaamini ya kuwa maneno yetu sisi wakubwa ndiyo yanayowasukuma vijana kwenda kununua dawa hizo.

CHUNUSI NI NINI?

Katika ngozi yetu kuna vishimo vidogo sana vinamoota vinyweleo. Kando ya kila kishimo kuna tezi inayotoa mafuta ya kulainisha ngozi. Mtoto anapoanza kuwa kijana, mwili wake unaongeza nguvu za utu uzima, na tezi hizo zinatoa mafuta mengi zaidi, hasa usoni, kifuani na mgongoni. Mafuta hayo yakichanganyika na ngozi iliyokufa, mlango wa kishimo unaziba. Ndani yake vijidudu ambavyo kila mtu anavyo ngozini vinapata chakula na kuongezeka, kisha mahali pale panavimba na kutunga usaha. Hiyo ndiyo chunusi.

Basi angalieni: uchafu hauhusiki katika habari hii. Weusi unaoonekana kwenye kichwa cha kipele kidogo si udongo, na kusugua uso kwa nguvu hakuuondoi. Kunaumiza ngozi tu. Uasherati pia hauhusiki, wala tamaa, wala uchawi wa jirani. Watu husema, "Huyu anatafuta ndoa, tazama uso wake." Maneno hayo si kweli, na yanaumiza. Wengine wanapoona vipele vya uso wananong'ona juu ya ukimwi. Ugonjwa huo haujulikani kwa kutazama uso. Unajulikana kwa kupima damu.

Katika kitabu cha Mambo ya Walawi, kuhani alipoletewa mtu mwenye alama ya ngozi yenye mashaka hakuamua kwa haraka. Alimtazama, akangoja siku saba, akamtazama tena. Sisi tunamhukumu kijana mara moja tunapompita njiani!

Na chakula? Wengi wanalaumu karanga na mafuta ya mawese. Sukari nyingi, soda na biskuti zinaweza kuwazidishia watu wengine chunusi, lakini hakuna sababu ya kumnyima kijana karanga za mama yake. Afadhali aangalie mafuta mazito ya nywele, kwa maana yakishuka kwenye paji la uso yanaziba vishimo.

KOSA LANGU MWENYEWE

Kabla sijawalaumu wengine, yanipasa kukiri. Nilipokuwa bado mgeni katika kazi, kwenye kituo kimoja cha afya cha kijijini, kijana aliniletea uso wenye chunusi. Nikampa dawa ya kupaka yenye nguvu, ya jamii ya kotizoni, kwa sababu nilijua inaondoa uvimbe upesi. Baada ya juma moja alirudi akifurahi, uso laini. Nami nilifurahi. Baada ya miezi michache alirudi tena, uso mzima umejaa vipele kuliko mwanzo, naye alikuwa ameendelea kununua dawa ile kwa sababu kila alipoiacha uso uliwaka.

Siku ile nilijifunza: dawa inayosafisha uso kwa juma moja si lazima iwe imeuponya. Kotizoni inazima uvimbe, lakini ikipakwa muda mrefu inapunguza unene wa ngozi, nayo yenyewe inaleta chunusi.

DAWA ZA KUJICHUBUA

Tyubu za binti yule zilikuwa za namna hiyo. Alianza kwa kutaka kuondoa madoa, akaishia kubadili rangi yote ya uso. Wauzaji hawamwambii mnunuzi kilichomo, kwa hiyo someni wenyewe maandishi ya tyubu. Katika dawa za kujichubua mara nyingi kuna vitu vitatu.

Cha kwanza ni kotizoni kali, kama betametazoni na klobetasoli. Ngozi inakuwa nyembamba, inapata michirizi, na jeraha linachelewa kupona. Fikirini mama aliyejipaka mwilini kwa miaka, akihitaji kupasuliwa ili azae: mganga anashona ngozi ambayo haishiki uzi vizuri. Ikipakwa karibu na macho kwa muda mrefu, inaweza kudhuru macho.

Cha pili ni hidrokwinoni. Waganga wa ngozi wanaitumia kwa kipimo na kwa muda mfupi. Lakini anayejipaka kila siku kwa miaka, tena juani, anaweza kupata weusi wa samawati mashavuni ambao ni vigumu mno kuondoa. Alitaka weupe, akapata giza lisilotoka. Afrika ya Kusini iliona madhara hayo kwa watu wengi, ikapiga marufuku hidrokwinoni katika vipodozi mwaka 1990. Majirani zetu wa Rwanda, mwishoni mwa 2018 na mwanzoni mwa 2019, walipita madukani wakiondoa mafuta ya kujichubua.

Cha tatu ni zebaki. Sisi watu wa Ituri tunaijua: ni ile ile ambayo wachimbaji wanaitumia kukamata dhahabu. Imewekwa pia katika sabuni na krimu za kung'arisha ngozi. Inaingia mwilini kwa njia ya ngozi, inaharibu figo na mishipa ya fahamu, na mama mwenye mimba anaipitisha kwa mtoto. Mataifa yalipatana juu ya zebaki katika Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, na vipodozi vyenye zebaki vimo katika vitu vilivyokatazwa. Hata hivyo bado vinauzwa.

Ikiwa umetumia kotizoni usoni kwa miezi mingi, usiiache kwa siku moja pasipo shauri, maana uso unaweza kuwaka vibaya. Njoo hospitali. Hatutakugombeza.

MATUNZO YALIYO MEMA

1. Osha uso mara mbili kwa siku kwa maji na sabuni isiyo kali. Usisugue. Usipake limau, dawa ya meno, majivu wala mkojo. Limau likipigwa na jua linaunguza ngozi na kuacha doa jeusi.

2. Usikamue. Ukikamua, usaha mwingine unapasukia ndani, na hapo ndipo makovu yanapozaliwa.

3. Dawa ya kwanza ya kupaka ni benzoili peroksidi ya asilimia 2.5 au 5. Imo katika orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Ulimwenguni. Paka kidogo, kama punje ya mahindi kwa uso mzima, usiku mmoja na kuacha mmoja, mpaka ngozi izoee. Itakausha ngozi kidogo, nayo hutoa rangi ya nguo, basi tumia taulo nyeupe.

4. Ngoja. Dawa njema inahitaji majuma sita hadi nane kabla hujaona tofauti, na miezi mitatu kabla hujaihukumu. Hapa ndipo wengi wanaposhindwa. Wanaiacha siku ya kumi na kurudi kwa muuzaji anayeahidi siku tatu.

5. Chunusi kubwa zenye maumivu zinahitaji vidonge, kama doksisiklini, kwa miezi michache tu na pamoja na dawa ya kupaka. Mwenye mimba asimeze hivyo. Iko na dawa nyingine yenye nguvu sana, aizotretinoini, nayo inaharibu mtoto tumboni vibaya. Isinunuliwe kamwe pasipo daktari.

6. Ikiwa unameza dawa za kifua kikuu na vipele vimetokea, usiache dawa. Mwambie mganga wako. Na ikiwa una bato au uvimbe usiosikia ukiguswa, hiyo si chunusi. Njoo upimwe ukoma. Huko Oicha daktari Carl Becker alitunza maelfu ya wenye ukoma katika siku zilizopita, na siku hizi dawa yake inatolewa bila malipo.

MAKOVU

Watu wanaita kila alama kovu, lakini ziko namna tatu, na ni lazima kuzitofautisha.

Doa jeusi lililo sawa na ngozi si kovu la kweli. Katika ngozi yetu nyeusi kila uvimbe unaacha rangi nyuma yake. Doa hilo hufifia lenyewe kwa miezi, mara nyingine mwaka au zaidi, ikiwa chunusi mpya zimezuiwa. Hapa kwetu karibu na ikweta jua linalizidisha, basi vaa kofia au beba mwavuli. Mtu akingoja kwa uvumilivu, hana sababu ya kununua mafuta ya kujichubua. Ndiyo maana nasikitika: wengi wanauza ngozi yao ili kuondoa kitu ambacho kingaliondoka.

Shimo ni kovu la kweli. Hakuna krimu inayolijaza, na anayesema ipo anataka fedha zako. Katika miji mikubwa waganga wa ngozi wana njia za kulipunguza, lakini hata wao hawalifuti kabisa.

Kovu linaloota na kuwa gumu kama mlima, hasa kwenye taya, kifua na mabega, lisikatwe wala kuchanjwa chale kijijini. Likikatwa linarudi kubwa kuliko kwanza. Mganga anaweza kulipunguza kwa sindano, na hapo kotizoni inafanya kazi yake njema mahali pake. Vijana wanaopata vipele kisogoni baada ya kunyoa, waache kunyoa mpaka kwenye ngozi kabisa.

Waganga wanaojua kazi hii ni wachache. Huko Moshi, Tanzania, kando ya hospitali ya KCMC, kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kimefundisha wahudumu kutoka nchi nyingi za Afrika tangu 1992. Natamani wauguzi wengi wa Ituri wapate mafunzo kama hayo.

NENO KWA WAKUBWA

Enyi baba na mama, wazee wa kanisa na viongozi wa kwaya, msimtaje kijana kwa uso wake. Msifanye mzaha wa chunusi katika mafundisho ya vijana. Wala msimsifu msichana kwa kuwa "amekuwa mweupe". Neno hilo dogo linauza tyubu nyingi kuliko muuzaji wa soko.

Binti yule aliacha tyubu zake pole pole, chini ya uangalizi wetu. Miezi ya kwanza ilikuwa mibaya, akalia mara nyingi. Leo madoa yamefifia, ingawa vishimo viwili au vitatu vimebaki shavuni. Lakini hakungoja uso upone ndipo arudi kwaya. Mama mmoja wa kwaya alimfuata nyumbani, akaketi naye, akamwambia, "Tunakosa sauti yako." Jumapili iliyofuata alikuja kanisani, na kitenge alikuwa amekifunga kiunoni.