MOTOKARI INAYOKATAA KUWAKA WAKATI IKO MOTO

Mwezi huu tuzungumze juu ya ugonjwa mmoja wa motokari wenye kusumbua jamaa nyingi. Asubuhi motokari inawaka mara moja. Unatembea vizuri. Unazima dakika kumi tu, unarudi, unageuza ufunguo: inakataa. Ukingoja saa nzima, inawaka tena kama hakuna kitu.

Nitawaelezea vile ilitupata. Mwezi wa kumi 2013 tulikuwa tunatoka Likasi kwenda Lubumbashi, njia ya kilometa karibu 120. Motokari yetu ilikuwa ya zamani, ya esansi, yenye karburateri. Nyuma alikaa mama jirani, mtoto wake mwenye homa kali juu ya mapaja. Jua lilikuwa kali. Tulisimama kando ya njia kununua maji. Kurudi ndani, motokari ikakataa. Tulisukuma, tulitoka jasho, batri ikaanza kuchoka. Mama yule hakusema neno, alikuwa anapepea mtoto na kitambaa. Kiisha dakika arobaini, ikawaka yenyewe, bila sisi kutengeneza kitu. Mtoto alifika kwa muganga na akapona, asante Mungu. Lakini zile dakika arobaini sijazisahau mpaka leo.

Fundi wa kwanza alisema: «Ni batri.» Tukanunua batri. Wa pili: «Ni bugi.» Tukabadilisha zote ine. Wa tatu akafungua karburateri na kuisafisha. Kila mara tulichukua motokari asubuhi, inawaka vizuri, tunalipa, tunashukuru. Saa sita mchana inakataa tena. Minervali ya mtoto wetu wa sekondari ikaisha hivyo, akarudishwa nyumbani wiki mbili. Mama Watoto akaniuliza: «Baba, tunatengeneza motokari ao tunatengeneza mafundi?» Sikuwa na jibu.

Ndipo mzee mmoja fundi akaniuliza swali ambalo wengine hawakuuliza: «Baba, inakataa saa ngapi?» Nikamwambia: wakati iko moto. Akacheka. «Juu ya nini basi unaniletea ikiwa baridi? Muganga anapima homa wakati mgonjwa iko na homa.» Tukazunguka na motokari nusu saa, tukazima, tukangoja dakika kumi na tano. Ikakataa. Sasa akaanza kupima, hatua kwa hatua. Hatua zake ni hizi.

Kwanza, sikiliza demareri. Ikizunguka polepole na kulia kwa uchovu, tafuta kwanza upande wa umeme wake: vichwa vya batri vyenye kutu, waya wa masi uliolegea, ao demareri yenyewe iliyochoka, maana ikipata moto inaomba nguvu zaidi. Batri nzima iliyopumzika inaonyesha karibu volti 12,6. Wakati demareri inazunguka, isishuke sana chini ya volti 10. Demareri ikizunguka kwa nguvu, acha batri. Si yenye kosa.

Pili, nusa. Ukifungua kapo na kusikia harufu kali ya esansi, na bugi ziko na maji ya esansi na weusi, mashini imekunywa kupita kiasi. Hapa wengi wanakosea: wanapiga-piga pedali ya mafuta, wanavuta na starteri ile ya asubuhi. Wanazidi kuizamisha! Rudisha starteri ndani. Kanyaga pedali mpaka chini na ushike hapo, usipige-pige. Zungusha demareri sekunde kumi, pumzisha, rudia. Hewa nyingi itaingia na kukausha esansi.

Tatu, kama hakuna harufu na bugi ni kavu, esansi haifiki. Sikilizeni vizuri namna gani inatokea. Ukizima mashini, maji yanaacha kuzunguka na upepo unakoma, lakini chuma bado iko moto. Moto ule unapanda mpaka kwenye pompi, mpira wa esansi na karburateri. Esansi inachemka, inakuwa mvuke, na pompi haiwezi kuvuta mvuke vizuri. Kwetu ni rahisi zaidi, kwa sababu Lubumbashi iko juu karibu metre 1 200, ambapo hata maji yanachemka kwa digri 96 hivi, si 100. Fungua kapo, weka kitambaa chenye maji juu ya pompi na mpira wake, ngoja kidogo. Usimwage maji juu ya mashini yenye moto, chuma inaweza kupasuka. Usifungue radiatere. Kiisha angalia kama mpira wa esansi umegusa tuyo ya moshi, na kama ile joe nene chini ya karburateri, yenye kuzuia moto, iko pahali pake.

Ine, angalia cheche. Lakini kama harufu ya esansi iko kali, ngoja kwanza iishe, usije ukawasha moto. Chukua bugi ya akiba, iingize kwenye waya, ilaze vizuri juu ya chuma ya mashini, usiishike na mkono, mwingine azungushe demareri. Cheche nzuri ni ya bluu na inapiga kwa nguvu. Yetu ilikuwa ya manjano, dhaifu, mara iko, mara hakuna. Mzee akaazima bobini ya motokari ingine, akaifunga. Mara moja, ikawaka!

Ndani ya bobini mna waya mwembamba sana wa shaba, hii shaba yetu tunayoichimba huku. Shaba ikipata moto inapitisha umeme kwa shida zaidi: digri 60 za kuongezeka zinaongeza ugumu wake karibu robo. Bobini nzima inavumilia. Lakini kama vanishi ya waya imezeeka na kupasuka, moto unafungua ufa na umeme unapotelea ndani. Ikipoa, ufa unajifunga, na unadanganyika kwamba imepona. Kondansateri ya delko nayo inaweza kufanya vile vile.

Wenye motokari za siku hizi, zisizo na karburateri, wapime kapteri ya kigingi, yenye kuhesabu mizunguko: nyingi zinakufa zikiwa moto na kufufuka zikipoa. Wapime pia kapteri ya joto la maji. Ikidanganya kwamba mashini iko baridi, esansi inaingia nyingi kupita lazima.

Na wenye mazuti? Mara nyingi ni pompi ya sindano iliyolika. Mazuti ikipata moto inakuwa nyepesi, inapenya pale palipolika, na nguvu ya kufungua sindano haipatikani. Zungusha pompi na kitambaa chenye maji. Ikipoa kidogo na motokari ikawaka, umejua ugonjwa.

Vijana mnaojifunza ufundi, msibadilishe kitu kabla ya kupima. Pesa ya mtu ni jasho lake, na pengine ni masomo ya mtoto wake. Na wewe mwenye motokari, andika kwenye karatasi: inakataa saa ngapi, kiisha kutembea muda gani, harufu namna gani. Peleka motokari ikiwa moto, na karatasi ile mkononi. Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua. Motokari inaficha ugonjwa wake asubuhi. Tusiisaidie kuuficha.

Mtoto wetu alirudi masomoni na akamaliza. Ile bobini ya zamani bado ninayo juu ya meza, nikiitazama ninakumbuka kuuliza kwanza, kiisha kulipa. Tuonane mwezi ujao.