Risala ya Watazamaji wa Televisheni kwa Njia ya Intaneti kwa Mheshimiwa Waziri Mwenye Dhamana ya Mawasiliano

Mheshimiwa Waziri, Mgeni Rasmi;
Waheshimiwa Viongozi wa Mamlaka ya Mawasiliano;
Ndugu Wawakilishi wa Kampuni za Intaneti;
Mabibi na Mabwana,

Sisi ni wakazi wa Dar es Salaam. Mitambo ya analojia ilipozimwa jijini mwetu tarehe 31 Desemba 2012, tulinunua ving'amuzi bila manung'uniko. Baadaye wengi wetu tulihamia intaneti, tukitarajia kupata taarifa ya habari, mpira na vipindi vya watoto kwa urahisi zaidi. Badala yake tunatazama picha zilizoganda. Tumevumilia kwa muda mrefu, na sasa tunaomba kuwasilisha kero zetu kama ifuatavyo:

1. Kasi kushuka jioni. Televisheni huweka akiba ya sekunde kadhaa za picha kabla ya kuzionyesha. Akiba hiyo ni kama tangi la maji: kinachoingia kikizidiwa na kinachochotwa, tangi hukauka. Picha ya HD kamili huhitaji takribani megabiti 5 kwa sekunde, na vifurushi tunavyolipia huahidi zaidi ya hapo. Asubuhi kasi hiyo tunaipata. Ikifika saa 2 usiku, watu wamerejea nyumbani, njia hulemewa na picha hukwama. Tunaomba kampuni zitakiwe kutangaza kasi halisi ya jioni kwa kila mtaa, na zisiunganishe wateja wapya mahali ambapo njia imekwisha kujaa.

2. Wateja kubebeshwa lawama. Tukipiga simu huduma kwa wateja, tunaambiwa tuzime ruta na kuiwasha. Tumefanya hivyo. Tumeitoa ruta nyuma ya kabati na kuiweka mahali pa wazi. Tumehamia mawimbi ya gigahezi 5, kwa kuwa yale ya 2.4 yamejaa ruta za majirani. Tumefuta programu tusizotumia, tumesasisha televisheni, tumeshusha ubora wa picha. Mwisho tumechomeka waya kutoka kwenye ruta hadi kwenye televisheni. Na picha ikikwama hata kwa waya, kuta za nyumba zetu haziwezi tena kusingiziwa. Tunaomba kila anayelalamika apimiwe laini yake kutoka upande wa kampuni, kisha apewe majibu ya kipimo kwa maandishi, kwa Kiswahili.

3. Vifurushi visivyo na kikomo kuwekewa kikomo. Matumizi yakifikia kiasi fulani, kasi hupunguzwa kimyakimya, kwa masharti yaliyoandikwa kwa herufi ndogo. Mzazi hudhani televisheni imeharibika. Humwita fundi, humlipa, na tatizo hubaki palepale. Tunaomba kikomo kitajwe waziwazi kabla ya malipo, na mteja atumiwe ujumbe kabla kasi yake haijapunguzwa.

4. Picha kutoka mbali. Vipindi vinavyohifadhiwa kwenye seva za ng'ambo hutufikia kwa nyaya za baharini. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika, intaneti iliyumba nchini. Tunaelewa kwamba ajali za baharini haziepukiki. Hata hivyo, kipindi kilichorekodiwa Dar es Salaam hakina haja ya kuvuka bahari ili kimfikie mtazamaji wa Dar es Salaam. Tunaomba wenye vipindi wahimizwe kuweka nakala kwenye seva zilizopo nchini, na kampuni ziwe na njia mbadala za kutosha.

5. Siku kupotea bila fidia. Huduma ikikatika, siku za kifurushi huendelea kuhesabiwa. Tunaomba siku hizo zirejeshwe zenyewe, bila mteja kupiga simu kuzidai.

Mheshimiwa Waziri, Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 imekwisha kuweka msingi wa kusimamia ubora wa huduma hizi. Kila mwezi tunalipa kwa wakati. Tuna imani kwamba ukitoa maelekezo, vipimo vitafanyika na kila upande utawajibika kwa sehemu yake.

Tunaomba kuwasilisha.