Mechi ya cheo na mechi ya kawaida: je, michezo ya simu iwe na milango miwili?

Katika kartie nyingi za Goma, Bukavu, Uvira, Butembo na Bunia, vijana wanaocheza Free Fire, PUBG Mobile ao Call of Duty: Mobile wanaujua ubishi huu. Watu wanne wamejipanga, mega zimebaki kidogo, na kabla ya kuanza mmoja anauliza: "Tunaingia ya cheo ao ya kawaida?" Mmoja anataka kupanda. Mwingine anataka kucheka tu na wenzake. Wa tatu ana simu inayokwama kwama, anaogopa kuwaharibia wengine.

Swali hilo si la watoto tu. Kampuni zinazotengeneza michezo zimelizunguka kwa zaidi ya miaka kumi: mchezo wa wachezaji wengi kwenye intaneti utenganishe mechi za mashindano na mechi za kujifurahisha, ao watu wote wachezee uwanja mmoja? Ukiangalia namna mambo yalivyokwenda, jibu linaelekea upande wa kutenganisha. Lakini kuko masharti, na kwa mchezaji wa mashariki mwa Kongo masharti hayo yana uzito kuliko jibu lenyewe.

Cheo kinahesabiwa namna gani

Mizizi ya mambo haya iko kwenye sataranji. Arpad Elo, mwalimu wa fizikia aliyezaliwa Hungaria na kuishi Marekani, alitengeneza hesabu ya kupima nguvu ya mchezaji. Shirikisho la sataranji la Marekani liliichukua mwaka 1960, na lile la dunia, FIDE, liliichukua mwaka 1970. Wazo lake ni rahisi: ukimshinda mwenye nguvu kuliko wewe, unapanda sana, ukimshinda dhaifu, unapanda kidogo tu. Mchezaji akimzidi mwenzake alama 200, hesabu inategemea apate karibu robo tatu ya pointi zote. Akimzidi alama 400, katika kila pointi kumi atachukua karibu tisa.

Michezo mingi ya leo imejenga juu ya wazo hilo, kila mmoja kwa hesabu yake. Katika Free Fire, mchezo wa kampuni Garena ya Singapore, mchezaji anaanzia shaba, anapita fedha, dhahabu, platini na almasi, mpaka kule juu kwa wale wanaoitwa Grandmaster. Msimu ukiisha, cheo kinashushwa, na watu wanaanza kupanda tena.

Kuko jambo ambalo wachezaji wengi hawalioni. Mara nyingi mchezaji anakuwa na alama mbili. Moja inaonekana, ndiyo cheo. Nyingine imefichwa, na mashine inaitumia kuchagua utakutana na nani, hata katika mechi ya kawaida. Dota 2, mchezo wa kampuni Valve, ulipofungua mechi za cheo mwezi Desemba 2013, ulimtaka kila mtu awe amecheza karibu mechi 150 kwanza, na ukaweka alama ya mechi za kawaida mbali na alama ya mechi za cheo. Kumbe mtu anayesema "mimi nacheza tu, sipimwi" anapimwa vilevile. Ni vile tu matokeo hayaandikwi kwenye paji la uso.

Kwa nini kutenganisha

Mpira wa miguu unasaidia kuelewa. Timu ikicheza mechi ya kirafiki, kocha anaingiza kijana ambaye hajazoea, anajaribu beki mpya, hata akifungwa tatu hakuna anayelia. Timu ile ile ikicheza mechi ya Linafoot, kila pointi inahesabiwa mpaka mwisho wa msimu. Wachezaji ni wale wale na uwanja ni ule ule, lakini mapatano ni tofauti. Kila mtu anayeingia uwanjani anajua amekuja kwa kazi gani.

Mchezo usiotenganisha unavunja mapatano hayo. Katika kikundi kimoja unamkuta mtu anayejifunza silaha mpya pamoja na mtu aliyebakiza alama chache apande daraja. Yule wa kwanza anaona mwenzake anamsumbua bure. Wa pili anaona mwenzake anamwibia jioni yake. Matusi mengi yanayosikika kwenye mikro yanaanzia hapo. Si lazima watu wawe wabaya. Wamekuja na nia mbili kwenye mechi moja, basi.

Ndiyo maana michezo mikubwa, hata ile iliyoanza na mlango mmoja, ilifika fasi moja. Overwatch ya Blizzard ilitoka Mei 2016 bila mechi za cheo; mwezi uliofuata zikaongezwa. Apex Legends ilitoka Februari 2019, na mechi za cheo zikafika Julai mwaka huo huo. Fortnite ilichukua muda mrefu. Mwaka 2019 ilijaribu njia ya mashindano iliyoitwa Arena, na mwezi Septemba mwaka huo ikaanza kukutanisha watu kwa kuangalia uwezo wao ndani ya mechi za kawaida, na roboti zikaingizwa kujaza nafasi. Mwezi Mei 2023 ikaiacha Arena na kufungua mechi za cheo zinazojulikana sasa.

Hasara ya kugawa watu

Lakini kila mlango unaofunguliwa unapunguza watu kwenye mlango mwingine. Tuchukue mfano wa hesabu tu. Tuseme jioni moja kuko wachezaji 1,000 wanaotafuta mechi kwenye mashine moja. Ukiwagawa kati ya cheo na kawaida, wanabaki 500 kila upande. Kila upande una wanaocheza peke yao, wanaocheza wawili wawili na wanaocheza wanne wanne: wanabaki karibu 167 kwa kila fungu. Ukitenganisha tena wanaoanza, wa katikati na wakali, wanabaki karibu 55. Mechi ya kawaida ya kuokoka katika Free Fire inataka watu 50. Kwa hiyo umati wa watu elfu moja umegeuka mechi moja tu kwa kila fungu, na watano wanabaki nje wakisubiri.

Mchezo wenye mamilioni ya watu haujali hesabu hiyo. Mchezo mdogo, ao mchezo mkubwa usiku wa manane, unaijali sana. Hapo mashine ina njia tatu tu: kukusubirisha, kukukutanisha na mtu asiye wa nguvu yako, ao kujaza uwanja kwa roboti. Zote tatu zinachosha. Kwa sababu hiyo, mchezo mpya wenye watu wachache hauna haraka ya kufungua milango mingi. Bora watu wajae kwanza.

Funzo kutoka Call of Duty

Kuko wachezaji wanaosema: sawa, tenganisheni, lakini katika mechi za kawaida msipime uwezo kabisa. Mtu akutane na yeyote, kama zamani. Wanaodai hivyo mara nyingi ni wakali, sababu wamechoka kukutana na wakali wenzao kila saa. Wanataka fasi ya kupumzika.

Activision, kampuni ya Call of Duty, ilijaribu wazo hilo kimya kimya katika Modern Warfare III, kisha ikatoa matokeo mwaka 2024. Ilichukua sehemu ya wachezaji wa Amerika ya Kaskazini na kupunguza nguvu ya uwezo katika kuchagua nani akutane na nani. Asilimia 90 ya wachezaji, yaani wote isipokuwa wale kumi wa juu kwa kila mia, walianza kurudi kidogo kuliko kawaida. Kampuni ikaeleza hatari iliyofuata: wadhaifu wakiondoka, waliokuwa juu yao kidogo wanakuwa ndio wadhaifu wapya, wanapigwa, nao wanaondoka.

Ni kampuni yenyewe iliyojipima, na ina faida ya watu kubaki ndani ya mchezo. Hilo lisisahauliwe. Hata vile, mantiki yake inaeleweka. Mapumziko ya mkali mmoja yanaweza kuwa jioni mbaya ya vijana watano. Mlango wa kujifurahisha usio na mizani yoyote unawafurahisha wachache tu.

Mtandao unaingia katika cheo

Sasa tuje kwetu. Mashine zinazoendesha michezo hii haziko Goma wala Bukavu. Kutoka Goma mpaka Paris, kwa mstari ulionyooka, ni zaidi ya kilometa 6,000. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo unakwenda karibu kilometa 200,000 kwa sekunde moja. Kwa hiyo ujumbe kwenda na kurudi fasi ya mbali vile hauwezi kupungua milisekunde 60, hata kama kila kitu kiko sawa. Na mara nyingi kila kitu hakiko sawa: njia ya kweli inazunguka, antena moja inabeba watu wengi, umeme unakatika. Wachezaji wanaona namba ya pingi ikipanda mpaka rangi nyekundu, na wanajua tayari wameshapigwa kabla ya kumwona adui.

Maana yake, cheo cha mchezaji wa hapa kinapima mambo matatu kwa mara moja: mkono wake, simu yake na mtandao wake. Kijana wa almasi mwenye simu ya zamani anaweza kuwa hodari kuliko Grandmaster mwenye simu mpya na koneksio nzuri. Mashine haioni hilo. Inaona matokeo tu.

Kisha kuko adhabu. Free Fire inampa kila mchezaji alama ya heshima. Akizoea kutoka katikati ya mechi, alama inashuka, na ikishuka sana anazuiliwa mechi za cheo. Sheria hiyo ni nzuri kwa mtu anayetoroka kwa hasira. Lakini yule ambaye batri imeisha, ao mega zimekwisha, ao mama amemwita kuchota maji, anaonekana sawasawa na mtoro. Mechi haina kitufe cha kusimamisha kidogo. Ya Free Fire inachukua dakika kumi ao kumi na tano. Ya PUBG Mobile inaweza kufika nusu saa. Kwa nyumba yenye simu moja ya kugawana, nusu saa ni nyingi.

Hapa ndipo mlango wa kawaida unakuwa wa lazima. Kwa mchezaji wa Ulaya ni fasi ya kupumzika. Kwa mchezaji wa Beni ao Uvira ni kinga: anaweza kucheza siku ambayo mtandao ni mbaya bila kupoteza kazi ya wiki tatu na bila kuwaangusha wenzake watatu.

Mlango wa pili usigeuke jalala

Kutenganisha hakutoshi kama upande mmoja umeachwa. Ikiwa zawadi zote nzuri, nguo za mchezaji na picha za kujivunia, ziko upande wa cheo tu, basi anayecheza kwa furaha anasukumwa kwa nguvu kule asikotaka. Ikiwa kutoka katikati ya mechi ya kawaida hakuna hata onyo, watu wataingia na kutoka kama sokoni, na anayebaki atacheza mmoja dhidi ya wanne. Na ikiwa wakali wanaruhusiwa kufungua akaunti ya pili kuwinda wanaojifunza, jina la kujifurahisha linabaki bure.

Mpango unaofaa unaonekana hivi. Milango iwe miwili pale watu ni wengi. Upande wa kawaida upime uwezo kwa siri, lakini kwa ulegevu, ili marafiki wa nguvu tofauti waweze kucheza pamoja. Adhabu ya kutoka iwepo upande wote, lakini iwe ndogo mara ya kwanza na ikue kwa anayerudia. Anayeanguka kwa mtandao apewe dakika za kurudi kabla ya kuhukumiwa. Na zawadi zigawanywe, zisiwe za upande mmoja.

Wachezaji na waandaaji wa hapa hawahitaji kusubiri Singapore. Kikundi kinaweza kupatana mapema: siku ya pingi mbaya, hakuna cheo. Wanaoandaa mashindano ya kartie wasichague timu kwa kuangalia cheo peke yake, sababu cheo kinabeba pia saa nyingi za kucheza na ubora wa simu. Afadhali wafungue chumba maalum ndani ya mchezo, wachezaji wote wakae fasi moja kwenye mtandao mmoja, ndipo ijulikane nani ni nani. Na mzazi anayeona mtoto anakataa kuacha simu anaweza kuuliza swali moja kabla ya kukasirika: "Hiyo ni ya cheo ao ya kawaida?" Ikiwa ni ya cheo, kuko watu watatu wanaomtegemea kwa dakika zilizobaki. Ikiwa ni ya kawaida, sahani za jioni zinamsubiri.