Chai Mpya, Mitambo ya Zamani



Mwaka 2011 wataalamu wa utafiti wa chai hapa Kericho walitoa aina mpya ya mchai, TRFK 306/1, wenye majani ya zambarau. Kuuchagua na kuujaribu kuliwachukua miaka ipatayo 25, na kazi hiyo hatuibezi hata kidogo. Mchai ule wavumilia ukame, na majani yake yana anthosayanini, rangi ile ipatikanayo pia katika zabibu nyeusi, ambayo wanunuzi wa ng'ambo huitafuta kwa ajili ya afya. Wakulima waliambiwa kwamba bei yake itaipita ya chai ya kawaida mara kadhaa. Wakanunua miche, wakapanda, wakangoja kama miaka mitatu.

Siku ya kuchuma ilipofika, viwanda vingi havikuwa na njia ya kuyapokea majani yale peke yake. Yakatiwa katika lori moja na ya kijani, na mkulima akalipwa bei ileile. Wako waliong'oa.

Kosa halikuwa la mche wala la mkulima. Viwanda vyetu karibu vyote vilijengwa kwa kazi ya CTC, mashine aliyoibuni McKercher huko Assam karibu na mwaka 1930. Majani hunyaushwa, hupitishwa kati ya roli zenye meno, huachwa yapate hewa mpaka yageuke rangi ya shaba, kisha hukaushwa na kuchekechwa. Kwa chai nyeusi njia hiyo haina mfano. Lakini ukitaka anthosayanini ibaki, majani ya zambarau yataka kupashwa moto upesi, kama chai ya kijani, kabla hewa haijayageuza. Basi yahitaji mtambo wake, vitanda vyake vya kunyaushia, na watu waliofundishwa kazi hiyo. Tena hayangoji. Yakilala guniani hupata joto na kuharibika, wala huwezi kuyalimbikiza juma zima hadi yatoshe kuwashia mtambo. Mtu mmoja ana kilo nane, mwingine kumi, na wote wako mbalimbali milimani. Kule Kirinyaga kiwanda cha Kangaita kilipewa kazi ya kusindika zambarau, lakini mtu wa Bomet atafikishaje huko kilo zake nane?

Sisi tufanyao kazi relini twalijua jambo hili. Behewa halichorwi kabla ya kujua upana wa njia. Reli mpya ilifika upande wa Naivasha mwaka 2019 ikiwa na upana wa milimita 1,435, na ile ya zamani iendayo Kisumu kupitia Londiani na Kipkelion ni milimita 1,000. Shehena yapaswa kushushwa na kupakiwa upya, na gharama yake yalipwa kila siku.

Miche ilipokuwa bado kitaluni, ndipo ilipopasa kuulizwa: kiwanda kipi kitaipokea, ekari ngapi zipandwe kukizunguka, lori gani litapita saa ngapi, nani atashika zamu. Miaka mitatu ya kungoja kichaka ilitosha kusimamisha banda na mtambo mdogo. (Waganga wa mashine, yaani mafundi wetu, wangesema hivyo bure bila kudai posho.)

Sasa twasikia habari ya chai ya kusokotwa, iitwayo othodoksi. Nayo yataka kunyaushwa zaidi, roli za namna nyingine, na uchumaji wa makini wa majani mawili na chipukizi. Twataka fundi wa boila, msimamizi wa zamu, mchumaji na dereva wa lori waitwe mezani mambo yakiwa bado karatasini, maana mtambo usiofaa ukisimama, zamu zao ndizo zikatwazo kwanza.

Wanachama walio viwandani wamwandikie katibu wa tawi kabla ya mkutano ujao: vitanda vya kunyaushia ni vingapi, boila ina nguvu gani, na saa ngapi mtambo hukaa bure.